Maji ya Syombua

Nunguni, Kilungu
3 Agosti 1997

Kwako Mama, binti yangu,

Nakuamkia huko jangwani uliko. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua, ambacho hunikumbuka kila baridi ya Agosti inapotua kwenye vilima hivi. Mama yako hajambo, ng'ombe amezaa, na miparachichi imebeba mpaka tumeitegemeza matawi kwa miti. Tuambie nawe hali yako, usitufiche homa wala njaa.

Sasa nisikilize. Barua uliyomwandikia mama yako ilifika Jumanne. Miwani yake imevunjika, akanipa nimsomee. Nikasoma kwa sauti pale jikoni, shangazi yako akiwapo, na jirani aliyekuja kuomba moto. Nikasoma habari za joto, za ngamia, za mwenye nyumba wako. Kisha mdomo wangu mwenyewe ukatamka kwamba mwaka jana, ukiwa chuo cha uuguzi Nairobi, ulibatizwa upya na Wamormoni. Nilikuwa nimeshalisema kabla sijalielewa. Jirani aliondoka bila moto.

Mama, ni mimi niliyekushika mkono mtoni Kaiti ulipokuwa msichana. Mchungaji alikuwa mgonjwa wa magoti, nikaingia mimi mzee wa kanisa, nikakuzamisha kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ulitoka unatetemeka, nikakufunika koti langu. Maji yale yalikuwa na kasoro gani? Au hao wamekuambia kwamba baba yako alikuosha tu, kama anayeosha viazi? Maji yakimwagika hayazoleki, binti yangu. Sijui unataka niyapeleke wapi yale.

Na lipo linaloniuma zaidi. Naambiwa watu wako huwabatiza hata waliokufa, kwamba aliye hai huingia majini kwa niaba ya marehemu. Mimi umri umeenda, na kifua changu unakijua. Niahidi kwa maandishi kwamba nikifa hutalipeleka jina langu kwenye maji yao. Nilibatizwa mara moja, yanitosha. Mpaka niione ahadi hiyo, usije nyumbani Krismasi.

Ni mimi baba yako,
Nathanieli Musembi


Garissa
24 Agosti 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa salama, ni ngozi tu inayochunika kwa jua. Pole kwa kifua. Mama akuchemshie majani ya mkaratusi uvute mvuke, na ujifunike vizuri, usijifanye kijana.

Umeniita Mama hata ukiwa umekasirika, nami nimeshukuru. Wenzangu wa zahanati hucheka nikiwaeleza kwamba baba yangu huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Hawajui jinsi jina hilo linavyonishika. Wakati mwingine nikiitwa Syombua hugeuka kutazama kama kuna mwingine nyuma yangu.

Nilitaka kukuambia uso kwa uso, nikaogopa. Maji ya Kaiti hayakuwa na kasoro, Baba. Koti lako lilinuka moshi na sabuni, na siku ile Nairobi, kabla ya kuingia majini, nililia kwa ajili ya koti hilo. Ila kanisa hili linaamini kwamba mamlaka ya kubatiza yaliondoka duniani baada ya mitume, kisha yakarudishwa, na kila anayejiunga huanza na maji. Niliomba sana, nikaamini. Sikuamini kwamba ninyi ni wapagani. Ni Yesu yuleyule, na jina lake limeandikwa mlangoni kwetu.

Lakini ukitaka kucheka, cheka: huku hakuna anayenitaka. Mwenye nyumba wangu, Zeinab, mjane anayeuza maziwa ya ngamia, aliniletea chai siku ya kwanza nikaikataa, maana sisi chai na kahawa hatunywi. Akasimama na kikombe mkononi, akaniita ndugu kwa Kisomali chake. "Walaal, kwani chai yangu iko na sumu?" Nilipomweleza akaketi kabisa. "Wewe Mkristo gani hii? Bombe hunywi, sigara hufuti, chai hunywi. Nusu umeshakuja kwetu!" Akafurahi mpaka nilipofika kwenye habari ya nabii aliye hai leo. Hapo akaziba masikio kwa mtandio. "Hiyo neno usiseme tena kwa nyumba yangu. Manabii walishakwisha." Tangu siku hiyo huniletea maziwa ya moto yenye iliki, na manabii hatuwataji.

Kwa Wakristo ndiko nilikoshindwa. Lipo kanisa dogo la watu wa bara, mabati na viti vya plastiki. Mwinjilisti wake ni Mmeru mpole. Aliuliza wageni wanatoka wapi, nikasema kweli, na ilipofika Meza ya Bwana akanipita na sahani. Hakunifukuza. Alinipita tu, kama mtu anavyopita kiti kitupu. Sikumlaumu, maana hata mimi nilishasema kwamba ubatizo wao haukunitosha. Tumefungiana milango pande zote mbili, kila mmoja akimwita Yesu akiwa ndani.

Kwa hiyo Jumapili hukaa ukingoni mwa Tana. Kwetu tunashiriki mkate na maji, lakini sharti abariki mwanamume aliyewekewa mikono, na huku hayupo hata mmoja. Mkate ninao, maji yanapita mbele yangu mekundu na mapana, nami siwezi kuyafanya kitu. Natazama ngamia wakinywa ng'ambo ya pili. Joto likizidi, ukingo ule hupaa kidogo hewani na kuelea, na wale ngamia wanabaki wakinywa pasipo mto. Sijui huwa nimelala au niko macho.

Kuhusu waliokufa, umeambiwa nusu. Hakuna anayelazimishwa. Tunaamini marehemu bado ana hiari yake. Aliye hai anabisha hodi tu, na aliye ndani anaweza kusema karibu, au akanyamaza.

Nisalimie mama na shangazi. Mwambie jirani aje achukue moto wake.

Binti yako na mama yako,
Syombua


Nunguni
21 Septemba 1997

Mama,

Salamu. Majani ya mkaratusi yamenisaidia, kwa hilo nakushukuru.

Barua yako ina kila kitu isipokuwa nilichokuomba. Umenipa ngamia wanaoelea, umenipa maziwa yenye iliki, umenipa hodi. Ahadi iko wapi? Nimeigeuza karatasi upande wa pili, nikakuta salamu za shangazi.

Huyo mwinjilisti alifanya sawa. Mimi pia ningekupita na sahani. Ningeumia, lakini ningeipitisha.

Tangu barua yako ije naota. Mimi si mtu wa ndoto, unanijua, mimi ni mtu wa kahawa na mbuzi. Lakini nikijinyoosha baada ya chakula cha mchana, mama yangu anakuja. Amesimama ng'ambo ya Kaiti na kibuyu chake, kijana kuliko mimi sasa, na mto umekauka. Anauliza, "Musembi, maji yale unayowatilia watoto wa watu, yalikwisha?" Nataka kumjibu, naamka.

Hujawahi kuniuliza kuhusu kifo chake. Alikuwa ananisindikiza mpaka shule ya misheni, anasimama mlangoni, haingii. Alisema ataingia akipata nguo nzuri. Nikapelekwa bweni, na huko nikaletewa habari kwamba homa imemchukua. Katekista mmoja akaniambia nisimlilie sana, kwa kuwa hakubatizwa na huko alikokwenda kilio hakifiki. Nilikuwa mtoto, nikatii. Nimezika nusu ya kijiji hiki kwa sala, nami mama yangu sikumlilia.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Niandikie ahadi.

Baba yako


Garissa
30 Oktoba 1997

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi ni mzima.

Mvua imekuja. Si mvua tunayoijua. Imeanza asubuhi moja bila upepo na haijaacha. Mchanga wa Garissa umegeuka majani mororo, vyura wanatoka mahali ambapo hapakuwa na kitu, na watoto wa Zeinab wanauliza wanyama hawa wanaitwaje. Wazee wanasali kwa shukrani, lakini wanautazama mto kwa jicho la pembeni. Kila kitu kinanuka kama nyumbani, na nikifumba macho nashindwa kujua niko upande gani wa nchi.

Baba, sijaandika ahadi kwa sababu sitaki kukudanganya. Sisi tunaamini kwamba jamaa wanaweza kuunganishwa milele, mzazi na mtoto, mjukuu na bibi yake. Ukiniambia nisije kukubishia hodi ng'ambo ile, unaniambia niwe na milele nisiyo na baba. Nimeshika kalamu mara nyingi, mkono ukakataa.

Lakini tuseme wewe una maji yako. Je, yule aliyesimama mlangoni? Hekalu letu lililo karibu liko Johannesburg, sijui lini nitalifikia. Ila nikifika, mwanamke anaweza kusimama kwa ajili ya mwanamke, na mimi jina lake ninalo tayari. Sitafanya hivyo bila ruhusa yako. Wewe ndiwe mwanawe.

Kesho kutwa napelekwa Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, kusaidia kliniki kwa wiki mbili. Nitakuandikia nikirudi.

Syombua wako


Nunguni
28 Desemba 1997

Mama,

Sijui kama unaisoma hii. Sijui kama upo. Naandika kama mtu anayeongea na mlango.

Barua yako ya Oktoba ilinikasirisha, nikanyamaza makusudi ili uione hasira yangu. Wiki mbili zako zikaisha, nikasema ataandika. Kisha redio ikatangaza kwamba Tana umevunja kingo, barabara zimekatika, Garissa imekuwa kisiwa. Halafu wakasema mifugo inakufa na watu wanatokwa damu kwa ugonjwa ulioanzia kwa wanyama. Nikalima shamba ambalo halikuhitaji kulimwa. Krismasi ikafika. Mama yako aliweka kikombe chako mezani, mbele yangu, akanitazama. Mimi ndimi niliyekukataza kuja, na sasa hata kama ungetaka usingeweza. Sikula.

Leo ni Jumapili. Nilivaa koti, nikaacha kanisa letu mkono wa kulia, nikaenda sokoni kwenye nyumba ya kukodi wanakokutana watu wako. Watu waliniona, waache waone. Nilikwenda kuuliza habari tu, nikidhani wana simu au redio yao. Hawakuwa na kitu. Walikuwa watu wachache, nusu yao nawajua, mmoja nilimfunza katekisimu. Wakanipa kiti.

Nilisubiri nisikie uzushi. Masikio yangu yalikuwa wazi kama ya mbwa. Ukapita mkate, yakapita maji kwenye vikombe vidogo. Sikula, sikunywa. Lakini sikuondoka. Kisha kijana yule wa katekisimu akasimama akakuombea kwa jina lako lote, kwamba Mungu akushike juu ya maji, akamalizia kwa jina la Yesu Kristo. Nilitafuta kosa katika sala ile nisilipate. Mafundisho yao bado nayakataa, nabii wao simjui, kitabu chao cha pili sikihitaji. Ila sala ile nilisema amina, na ilitoka kwa sauti.

Nilipofika nyumbani nikamlilia mama yangu. Wewe ndiwe niliyekuwa nikikulilia, kisha nikaona ni yeye, majina yenu ni mamoja na sikujua tena namlilia yupi. Mama yako alidhani nimepata habari mbaya.

Basi sikia. Mchukue bibi yako. Syombua, binti wa Muli, aliyezaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina. Mwaka sijui. Alikuwa mweusi, mrefu, anacheka akiziba mdomo. Mbishie hodi, na umwambie mwanawe amekutuma. Mimi niache na mto wangu wa Kaiti, hapo sijabadilika. Lakini sharti la Krismasi nimelifuta. Njoo hata bila ahadi. Njoo tu.

Baba yako, anayekungoja


Garissa
8 Februari 1998

Baba, Baba yangu,

Nipo! Shikamoo mara nyingi. Nimekonda, malaria imenipiga na kuniacha, lakini nipo. Barua zimeletwa na ndege, gunia zima, na yako ilikuwa imelowa pembeni, wino umetanda, ila kila neno nimelisoma.

Wiki mbili zangu ziligeuka miezi. Dagahaley ilizungukwa na maji. Chakula kilidondoshwa kutoka angani, na kliniki yetu ikabaki juu ya kichuguu kama meza iliyosahauliwa. Asubuhi maji yalikuwa tuli kabisa, mawingu yakawa chini yetu na juu yetu, na wanawake waliokuja na watoto wao walionekana wakitembea angani, shuka zimekunjwa magotini. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikushangaa. Nilimwona bibi mara moja, miongoni mwao, mrefu, ameziba mdomo. Nikajiambia ni homa, na ilikuwa homa kweli.

Unajua nani alikuja na mashua ya dawa? Yule mwinjilisti Mmeru. Mashua ilikwama, maji yalikuwa kifuani kwake, mimi sijui kuogelea, na ng'ambo kulikuwa na mama anayejifungua. Akanigeuzia mgongo. "Panda, dada." Akanibeba, mimi nimebeba sanduku la dawa kichwani. Katikati ya maji akasema, anahema, "Hii haimaanishi nimemkubali nabii wenu." Nikamwambia, "Wala mimi sijasema maji haya ni ubatizo." Tukacheka mpaka akateleza, tukanusurika sote kuzama. Mtoto yule alizaliwa mzima. Ni msichana, na mama yake alipoambiwa maana ya jina langu, naye mvua ikimnyeshea, alilirudia rudia kwa Kisomali chake kisha akampa la mama yake mwenyewe, Abshiro. Alifanya kama sisi.

Zeinab amepoteza mbuzi wake wote, na ngamia mmoja tu ndiye amebaki. Niliporudi alinikumbatia mlangoni, akasema, "Nilikuombea, hata kama wewe ni Mkristo ya shida." Kisha akaniletea maziwa, katika siku ambazo maziwa hayapatikani.

Asante kwa bibi. Nimelia nikiliandika jina lake pembeni mwa langu. Haliwezi kwenda haraka, lakini litakwenda, nami nikisimama majini nitaitwa jina ambalo nimelibeba tangu nizaliwe.

Na sasa ahadi. Umenifutia sharti, kwa hiyo hii natoa bila kushurutishwa. Kule juu ya kichuguu niliwaza kwamba ningekufa pale, nani angenizika, kwa sala gani, na kama wangeniheshimu nilivyo. Nikajua wewe nawe ndilo unaloomba. Basi mimi Syombua, binti yako, naahidi: ukifa sitalipeleka jina lako kwenye maji yetu, wala sitamtuma mtu alipeleke. Utabaki na mto wako na koti lako. Inaniuma, Baba, nisikufiche. Imeniuma kuliko malaria. Lakini ni ahadi, na ni yako.

Barabara ikifunguka nakuja.

Binti yako


Nunguni
15 Machi 1998

Mama,

Salamu za furaha. Mama yako amecheza ngoma jikoni, na mzee wa kanisa hakumkataza. Kifua changu ki hivyo hivyo. Jirani amerudi kuomba moto, anataka habari zote.

Mwambie Zeinab kwamba huku yupo Mkamba anayemwombea ngamia wake. Mwambie na yule Mmeru kwamba nimesikia alichobeba.

Ahadi yako nimeipokea. Nimeikunja nikaiweka ndani ya Biblia, nikatulia, nikasema sasa nitalala. Sikulala. Ndoto imerudi mchana, lakini mto safari hii umejaa. Mama yangu yuko ng'ambo, nawe uko naye, mmelowa wote wawili, mnacheka mkiziba midomo. Mimi niko upande huu na koti langu kavu. Nimekaa pale muda mrefu nikiwatazama. Hakuna aliyeniita, maana uliahidi.

Nimelifikiria sana jambo hili, hata nikiwa kwenye kahawa. Sijawa Mormoni, na usiwaambie watu wako nimelegea. Ukija, utanikuta kwenye kiti changu kanisani, na siku ya Meza ya Bwana tutabishana njia nzima kwenda na kurudi. Chai hunywi, basi mama yako atakupikia uji, ameshasaga mawele.

Lakini ahadi ile, uishike maisha yangu yote, siku nitakayokufa iishie hapo. Mimi wa leo ni mzee wa kanisa na sharti niseme nilivyosema. Yule wa ng'ambo atakuwa baba yako tu. Uliniandikia kwamba hakuna anayelazimishwa, kwamba aliye ndani anaweza kusema karibu, au akanyamaza. Basi umtume mtu wako abishe hodi.

Kufungua niachie mimi.

Baba yako,
mwana wa Syombua